Deki ya DVD ikigoma: kabla hujanunua lenzi

Peleka deki isiyosoma kwa fundi wa mtaani, na mara nyingi jibu litakuja kabla haijachomekwa kwenye umeme: "Lenzi hiyo, bosi. Imekufa." Lenzi inabebeshwa lawama kwa sababu ni kipuri kinachopatikana kirahisi, kinafungwa upesi, na mteja hana namna ya kubisha. Sisemi mafundi ni waongo. Nasema deki za bei ya chini, hizi zinazopangwa juu kwa juu kwenye maduka ya Kariakoo zikiwa na jina la kampuni kubwa lililoongezwa herufi moja, zina sehemu zake za kufia zinazojulikana, na lenzi ni mojawapo tu. Wala si ya kwanza.

Hapa chini nafuata dalili: unachokiona au kukisikia kwanza, halafu chanzo chake. Andaa bisibisi ya nyota, mita ya kupimia umeme hata ile ya bei ndogo, vijiti vya pamba, na diski mbili unazojua ni nzima: DVD moja ya kiwandani, si ya kuchomwa mtaani, na CD moja ya muziki. Bila diski unazoziamini hutajua kama mgonjwa ni deki au ni diski, na kila utakachogusa ndani kitakuwa ni kubahatisha.

Angalizo moja kabla ya kufungua. Umeme wetu ni volti 230, lakini kapasita kubwa iliyo karibu na waya wa umeme, ile kama kopo dogo inayotunza umeme, inabeba kama volti 325 za moja kwa moja, na inaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri dakika kadhaa, kisha pima kabla hujaingiza kidole.

Haiwaki kabisa

Anza nje. Jaribu soketi nyingine, achana na ekstenshen, na uuchezeshe waya pale unapoingia kwenye deki. Waya za deki hizi ni nyembamba, na hukatikia ndani ya ganda pale zinapokunjwa.

Ukifungua mfuniko utashangaa: boksi kubwa, ndani patupu. Kuna mashine ya trei katikati, bodi kuu inayotosha kiganja, na bodi ya pawa pembeni. Iangalie bodi ya pawa kwa makini. Kwenye nyingi nilizofungua, karibu na fyuzi kuna nafasi zilizochorwa alama za vifaa ambavyo havipo: pale palipotakiwa kukaa koili ya kuchuja umeme pamewekwa vipande viwili vya waya, na pale pa kifaa cha kumeza umeme uliozidi pameachwa matundu matupu. Mchoraji wa bodi alivitaka, mwenye kiwanda akaviondoa. Ndiyo maana umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, deki hizi huondoka mapema kuliko TV iliyo kando yake.

Sasa itazame fyuzi. Kama uzi umeachia na kioo bado ni cheupe, huenda ulikuwa umeme wa ghafla tu. Weka fyuzi ya ampia zilezile uone. Kama kioo kimekuwa cheusi kama kimepakwa masizi, kuna kifaa kimepiga shoti mbele yake, mara nyingi daiodi za kugeuza umeme au swichi ya kielektroniki inayoendesha transfoma ndogo. Kubadilisha fyuzi peke yake hapo ni kuilipua ya pili. Na yule anayefunga uzi wa waya wa shaba mahali pa fyuzi ili "iwake kwanza", mnyang'anye deki yako uondoke.

Kisha kuna mende. Ndani ya deki kuna joto na giza, na matundu ya hewa nyuma yanamtosha. Kinyesi chake kikichanganyika na unyevunyevu kinapitisha umeme, na mende mwenyewe akikanyaga pini mbili za volti mia tatu anaondoka na deki. Wa Pwani ongezeni chumvi ya hewani. Brashi kavu ya rangi na spiriti kidogo hutosha kusafisha bodi, mradi uiache ikauke kabisa kabla ya kuichomeka.

Inawaka, lakini kama ina malaria

Ugonjwa huu ndio unaowafanya watu wanunue lenzi bure, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Dalili zake hazifanani. Taa ya mbele inapepesa. Kioo kinaandika "LOAD" au "HELLO" na hakiendelei. Trei inatoka kwa kusitasita. Deki inafungua picha ya mwanzo kwenye TV, na diski ikianza tu kuzunguka inajizima na kuanza upya. Au inakataa asubuhi, ukiiacha imechomekwa nusu saa inakubali, na wewe unaanza kuamini kuwa inataka "kupata moto". Na mara nyingi inaandika "NO DISC", maneno yaleyale yanayomfanya fundi ashike bisibisi kutoa lenzi.

Chanzo ni kapasita za upande wa pili wa bodi ya pawa, upande wa volti ndogo. Kazi yake ni kuulainisha umeme wa volti 5 na 12 unaokwenda kwenye bodi kuu na mota. Kiwanda cha bei ya chini huweka za bei ya chini, zimeandikwa 85°C badala ya 105°C, na kuzibandika jirani kabisa na kipande cha bati kinachopoza joto. Maji yaliyo ndani yanakauka, kichwa kinavimba, nyingine zinatoa ute wa kahawia miguuni. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa. Ukipitisha kidole na kukuta kimeumuka hata kidogo, imekwisha, hata kama deki bado inawaka.

Si zote zinazovimba, kwa hiyo pima. Weka mita kwenye plagi ya waya inayotoka bodi ya pawa kwenda bodi kuu, kati ya volti 5 na waya mweusi. Bila diski utasoma 5 au karibu yake. Ingiza diski, iangalie namba wakati mota inaanza kuzunguka. Ikishuka hadi nne na nusu, umepata mgonjwa wako. Mota na lenzi huvuta umeme kwa pamoja dakika ileile. Pawa dhaifu haiwezi kuvibeba vyote, bodi kuu inapoteza fahamu na kuanza upya, au lenzi inakosa nguvu ya kusoma.

Badilisha kwa kapasita ya mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, ya 105°C. Angalia upande wa hasi, ule wenye mstari, ukiugeuza italipuka. Kipuri chenyewe ni cha senti ukilinganisha na lenzi. Niliwahi kusimama kwenye meza ya fundi mmoja Tandika wakati mama mmoja ameleta deki iliyokwisha kubadilishwa lenzi kwingine na bado inaandika "NO DISC". Fundi hakugusa lenzi. Aliweka mita, akachomeka, akaniambia bila kuinua macho: "Kaka, ona. Tano inakuwa nne." Akachomoa kapasita mbili kutoka kwenye bodi ya redio iliyokufa, akazipachika, deki ikasoma. Mama akauliza ile lenzi ya zamani iko wapi. Swali zuri hilo.

Trei haitoki, au inatoka na kurudi yenyewe

Hapa mara nyingi ni mpira. Mota ya trei inavuta gia kwa mkanda mdogo wa mpira, na joto linaulegeza au kuutia utelezi. Utasikia mota inavuma lakini trei haisogei. Utoe kwa kibano, ufute kwa spiriti pamoja na pulipuli zake, yale magurudumu unayozungukia, urudishe. Ukilegea sana, kuuchovya kwenye maji ya moto huukaza kwa muda. Nasema kwa muda. Mpira mpya ni bei ndogo, ila chukua wa zamani uende nao dukani, kwa sababu unaozidi kipenyo kidogo tu utateleza palepale.

Trei inayotoka na kurudi, au inayoingia na deki isijue kwamba imeingia, ina swichi ndogo chafu chini ya mashine. Ibonyezebonyeze ukiwa umeitia tone la spiriti.

Diski ikiwa imenasa ndani, usivute trei kwa nguvu. Chomoa umeme, fungua mfuniko, zungusha gia kubwa kwa kidole hadi mashine ishuke na diski iachiliwe. Na ukiwa hapo, hakikisha kile kidude cha duara chenye sumaku kinachoibana diski kwa juu bado kipo mahali pake. Kikidondoka, diski inazunguka kwa kuteleza na deki haiwezi kusoma chochote.

"NO DISC"

Sasa ndiyo tunafika kwenye lenzi, na hata hapa haiwi ya kwanza. Ukiwa umeshapima pawa na ni nzima, washa deki ikiwa wazi, bila diski, na utazame kutokea ubavuni. Usiiangalie lenzi kutokea juu: mwanga wa kusomea DVD ni mwekundu na unauona, lakini ule wa kusomea CD macho hayauoni kabisa, na jicho haliwezi kukukinga na kitu lisichokiona.

Deki nzima hufanya mambo manne mfululizo. Lenzi inarudi katikati kwenye reli yake. Inapandishwa na kushushwa mara mbili tatu, ikitafuta uso wa diski. Mwanga mwekundu unawaka. Ukiwa umeweka diski, inaanza kuzunguka. Angalia ni lipi limekosekana.

Lenzi haitembei kurudi katikati: reli imekauka au gia imevunjika jino, au swichi ya mwanzo wa reli ni chafu. Futa grisi ya zamani iliyogeuka gundi, paka nyepesi kidogo.

Haipandi wala kushuka, wala hakuna mwanga: kwanza ichomoe na kuirudisha ile ribini bapa inayounganisha lenzi na bodi kuu. Hukunjwa kila trei inapopanda na kushuka, na nyuzi zake hukatikia kwenye kona. Ribini ni bei ndogo mno kuliko lenzi, na ukiona imepauka kwenye kunjo, ibadilishe kwanza.

Inapanda na kushuka, mwanga upo, lakini diski inazunguka kwa uvivu au inajikongoja na kusimama: shuku mota ya kuzungusha diski. Nyingi za bei ya chini ni mota za brashi, na brashi zikiisha inakuwa na sehemu iliyokufa. Izungushe kwa kidole umeme ukiwa umezimwa, kisha ujaribu tena. Ikisoma ukiizungusha kidogo na kukataa ukiirudisha ilipokuwa, umemaliza uchunguzi. Kuna mtego mmoja kwenye kuibadilisha: sahani inayobeba diski lazima ikae kwenye urefu uleule. Diski na lenzi zinatenganishwa na kama milimita moja tu, hivyo sahani ikipachikwa juu au chini kupita kiasi, lenzi haitaupata uso wa diski. Pima urefu kabla hujaing'oa ya zamani.

Vyote vinne vinafanyika sawa na bado "NO DISC": safisha lenzi. Kijiti cha pamba, spiriti safi, gusa kwa upole kwa mwendo wa duara, kisha pamba kavu. Spiriti ya dukani yenye maji mengi huacha ukungu. Usitumie petroli, wala mate, wala shati. Kama ulitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaileta sebuleni, ukungu umeganda juu ya lenzi tu. Iache saa moja au mbili bila kuiwasha.

Baada ya haya yote, ndiyo useme lenzi imekufa.

Inasoma CD ya muziki, DVD inakataa

Dalili hii ni ya thamani, kwa sababu inakueleza moja kwa moja. Ndani ya kichwa kile kimoja kuna leza mbili: ya CD yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, na ya DVD yenye 650. Mistari ya DVD imebanana zaidi, mikrometa 0.74 kutoka mstari hadi mstari, wakati ya CD ni 1.6. Kwa hiyo kama VCD na CD zinapiga vizuri na DVD tatu tofauti zinakataliwa, mota nzima, pawa nzima, ribini inaelekea nzima: leza ya DVD imechoka au lenzi ina uchafu. Kinyume chake pia hutokea.

Ila kwanza hakikisha hizo DVD si za kuchomwa. DVD ya kiwandani inarudisha mwanga mwingi. Ya kuandikwa upya mara kwa mara, zile zenye maneno RW, inarudisha chini ya theluthi moja. Deki changa inazisoma zote, deki ya makamo inazikataa za kuchomwa kabla ya za kiwandani. Kama ni hivyo, una deki inayoanza kuzeeka, si iliyokufa.

Kuna fundi atakayekuongezea "nguvu" kwa kuzungusha kipingamizi kidogo kilicho ubavuni mwa kichwa cha lenzi. Itasoma, utalipa, utafurahi. Anachofanya ni kuisukumia leza umeme mwingi zaidi, nayo inakufa mapema. Kubali tu kama unajua hilo na huna hela ya lenzi mwezi huu.

Ukinunua lenzi mpya, soma namba iliyo kwenye ya zamani: SF-HD62, SF-HD65, KHM-313 na nyingine za aina hiyo. Namba zinazokaribiana si ruhusa ya kubahatisha. Nyingine huja na tone dogo la risasi la kuikinga dhidi ya umeme tuli, ambalo linatakiwa kuondolewa baada ya ribini kuchomekwa. Likisahaulika, lenzi mpya haitoi mwanga, na fundi atakwambia umeuziwa mbovu.

Inakwama katikati, picha inapasuka vipande

Angalia inakwama wapi. Kila diski mahali tofauti, au diski zote kuelekea mwisho wa filamu?

DVD ya tabaka moja husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Ikikwama kila mara kuelekea mwisho, tazama ukingo wa diski kwanza, huko ndiko vidole vinakoshika. Ukingo ukiwa safi, reli imekauka na lenzi inashindwa kufika nje, au diski yenyewe imepinda kwa jua.

Ikikwama diski moja tu, tatizo ni la diski hiyo. Ifute kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaokata mistari, deki hujaza pengo. Mkwaruzo unaofuata mstari humeza data nyingi mfululizo. Dawa ya meno hupunguza mikwaruzo myepesi, nimeona. Haifanyi miujiza. Na jua hili: kwenye CD na VCD, data iko karibu kabisa na upande wenye picha, hivyo kuandika kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu upande huo kunaiua. DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa na data iko katikati, ila hupasuka kwenye tundu ukiing'oa kwa nguvu kutoka kwenye kasha lake.

Halafu zile diski za "filamu kumi ndani ya moja". Watu wanarudisha deki dukani kwa sababu yake. Piga hesabu: DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7. Filamu kumi za saa mbili ni saa ishirini. Gawanya, unapata kama kilobiti 520 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. VCD, teknolojia ya mwaka 1993, ilitenga takriban kilobiti 1150 kwa picha peke yake. Wanaojipatia riziki kwa kibanda umiza wanalijua hili. Mtazamaji akiona nyuso zinageuka matofali wakati wa kufukuzana, si deki inayokosea.

Picha imekuwa nyeusi na nyeupe, inaruka, au haipo ila sauti ipo

Usifungue deki. Hili ni la waya na menyu.

Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Nyuma ya deki kuna matundu mengine matatu ya kijani, bluu na nyekundu, na nyekundu hiyo ya pili imewachanganya wengi. Waya wa njano ukichomekwa kwenye kijani, kuna uwezekano upate picha isiyo na rangi.

Kama waya uko sahihi, mtoto amebonyeza kitufe cha rimoti cha kubadilisha aina ya picha, na deki sasa inatoa picha kwa matundu yale matatu peke yake. Kibonyeze tena mara kadhaa huku ukisubiri sekunde chache kila mara. Picha inayopanda kama ngazi au isiyo na rangi kwenye TV ya zamani ni mfumo: sisi tunatumia PAL, diski nyingi za Marekani na Japani ni NTSC. Kwenye menyu chagua PAL au AUTO.

TV za bapa za sasa nyingi zimeondoa matundu matatu na kuweka tundu moja dogo kama la spika za masikioni. Waya wa tundu hilo unafanana na wa simu na wa kamera za zamani, lakini mpangilio wa pini ndani haufanani. Ukipata mvumo kwenye sauti na giza kwenye picha, jaribu kuchomeka njano kwenye nyekundu. Ikikubali, waya wako ni wa mpangilio mwingine, na si lazima ununue mpya.

Sasa boksi. Limeandikwa 1080p kwa herufi za dhahabu. Geuza deki: hakuna tundu la HDMI. DVD yenyewe katika mfumo wa PAL imebeba picha ya nukta 720 kwa 576, na waya wa njano hauwezi kupitisha ubora wa juu hata ukiusihi. Hata deki yenye HDMI haiongezi kilichokosekana kwenye diski, inakipanua tu. Usiilaumu TV.

Muziki unasikika, maneno hayasikiki

Deki imewekwa kutoa sauti ya spika sita wakati wewe una mbili. Mazungumzo ya filamu hupelekwa spika ya katikati, na spika ya katikati huna. Ingia kwenye menyu ya sauti, chagua stirio au ile inayosomeka "DOWNMIX". Ikiwa ni nyimbo ndizo zimepoteza mwimbaji, kuna kitufe cha karaoke kimebonyezwa, kizime.

Flashi, rimoti, nywila

Flashi isiyosomwa: iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na faili lisizidi gigabaiti 4. Deki nyingi za bei ya chini husoma filamu za MPEG na za DivX tu. Filamu za MP4 unazopewa na jamaa kwa simu zitaonyesha jina na kukataa, na hakuna fundi wa kulitibu hilo.

Rimoti: ielekeze kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, na ubonyeze. Ukiona taa ya zambarau inapepesa kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima na kipokezi cha deki ndicho kibovu, au kimefunikwa na karatasi ya kiwandani isiyobanduliwa.

Deki ikiomba nywila kwa sababu mtu amewasha kizuizi cha watoto, jaribu 0000, kisha 136900.

Ikiandika kuwa eneo si sahihi: DVD zimegawiwa maeneo ya dunia kwa namba. Tanzania na nchi nyingi za Afrika tuko eneo la 5, lakini Oman, nchi za Ghuba, Uingereza na Afrika Kusini ziko eneo la 2, na Marekani eneo la 1. Diski halali aliyokuletea shemeji kutoka Muscat inaweza kukataliwa na deki halali. Nyingi za bei ya chini hazina kizuizi hicho, na hilo, nakiri, ndilo jambo zinalozishinda deki za gharama.

Ikiwa bado ina siku chache

Usifungue kabisa, stika ya muhuri ikichanika, mwenye duka ana sababu. Dai risiti ya EFD siku ileile ya kununua, na uijaribu palepale dukani kwa diski zako mbili, si kwa ile yao. Maneno "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" yaliyochapwa chini ya risiti yasikutishe ukiwa umeuziwa kitu chenye jina la kughushi: bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na malalamiko ya mnunuzi wanayapokea.

Na kama ni ya zamani, pawa nzima, ribini mpya, na bodi kuu ndiyo inayochemka hadi kidole hakivumilii, usitoe hela tena. Mpelekee fundi aichukue kwa vipuri. Mota, mashine ya trei na lenzi kama bado inatoa mwanga, vyote anavihitaji, na ukimbana kidogo atakukatia kwenye bei ya kutengeneza feni.